Hilaire Wawili

Katika karakana ya muzee Balagizi, kule Murara, mjini Goma, sheria ilikuwa moja tu, na ilikuwa imezeeka kuliko mabati ya paa: fundi haandiki jina lake mwenyewe kwenye msalaba. Akija marehemu aliye somo wako, mnaitwa jina moja, unamwachia mwenzako brashi, wewe unatoka barabarani kununua karanga, na hurudi mpaka herufi ya mwisho ikauke. Ange, aliyekuwa akiandika meza moja na Hilaire, alikwisha kutoka mara tatu kwa ajili ya akina Ange watatu. Muzee Balagizi alikuwa akimwambia kwamba misiba ya wenzake itamnenepesha.

Hilaire yeye hakuwahi kutoka. Miaka minne aliandika watu, kuanzia Aurélie hadi Zihindula, na somo wake hakuja.

"Ba-Hilaire hatukufake," alikuwa akijisifu, kana kwamba kifo hakilijui jina hilo. "Tunachokaka tu."

Alikuwa na miaka ishirini na mitatu, diploma ya sekondari iliyotundikwa kwa mama yake juu ya redio, mwandiko wa kupendeza, na mdomo usio na breki. Aliwatania hata waliokuja na machozi. Mjane mmoja aliomba herufi za rangi ya dhahabu, naye akamuuliza, "Mama, huyu bwana ulimupendaka kweli, ao unataka tu majirani baone?" Mjane akacheka katikati ya kwikwi. Muzee Balagizi hakumkataza, maana aliona kwamba mtu akicheka kidogo tarehe zinamrudia kichwani.

Kisha vikaja vita vya Januari. Misalaba ikaongezeka, Ange akavuka mpaka na watoto wake akaishia Kampala. Macho ya muzee Balagizi yalikuwa yameingia ukungu. Randa aliiweza, herufi hapana. Brashi ikabaki moja.

Asubuhi ya Jumatano, mwaka mmoja na siku kadhaa baada ya vita hivyo, aliingia mama wa makamo pamoja na kaka yake. Mama aliitwa Kahindo, mtu wa Butembo, muuza maharagi kando ya barabara inayopanda Kibati. Kaka yake, Élisée, alibaki mlangoni ameshika kofia, kama mtu anayeogopa mbao zitamuuliza kitu.

"Ni wa mutoto yangu," akasema mama. "Andika Muhindo."

"Muhindo." Hilaire akafungua daftari. "Alikuwa anafuata wadada, sivyo? Ninyi watu wa Butembo hamusumbukake na majina. Munahesabu tu watoto."

Mama Kahindo karibu atabasamu. "Ni vile. Jina la kwetu hatulichagulake, linakungojea kwa mulango. Lakini ile ingine nilichagua mimi mwenyewe. Hilaire."

Kalamu ikasimama. Nyuma yao randa ya muzee Balagizi ikasimama pia.

"Hilaire na H?" akauliza, maana mdomo wake haukujua kukaa bure.

"Na H. Kwani kuko Hilaire ingine?"

"Iko. Ni mimi."

Mama Kahindo alimtazama taratibu, kutoka utosini hadi viatuni, kama anayepima kitambaa. "Ulizaliwa wapi?"

"Gisenyi, mama. Ndani ya hema ya wakimbizi, mwaka ule volkano ilikula mji. Siku mbili nyuma ya moto kushuka."

"Nani alikupatia jina?"

"Mama yangu. Alilitoa kwa munganga mumoja, Muitalia."

"Ilario," akasema Mama Kahindo, polepole, kana kwamba anaita jirani juu ya ua. Kisha akataja siku ya kuzaliwa ya mwanawe, tarehe kumi na tisa Januari, na Hilaire hakuiandika. Ilikuwa yake.

Mengine aliyasema Élisée kutoka mlangoni. Kijana alipanda Kibati siku zile za vita na chukudu yake, lile baiskeli la mbao, kuleta viazi. Siku tatu baadaye chukudu ilikutwa imeegeshwa kando ya njia, magunia yamefungwa vizuri, kamba haijalegea. Yeye hapana. Dada yake amezunguka hospitali zote, vyumba vya maiti vyote, na kila mahali penye orodha ya watu. Mwaka umetimia. Ukoo umeamua: pasipo mwili, kwao wanazika mgomba mahali pa mtu. Ni Jumamosi. Wanahitaji msalaba.

"Na tarehe ya kufa?" akauliza Hilaire.

"Uache wazi," akasema mama.

Walipoondoka, muzee Balagizi alifuta vumbi la mbao kwenye nyusi zake. "Tutatafuta fundi mwingine, wa Birere, aandike. Wewe uende ununue karanga."

"Wa Birere anaandika kama kuku anakimbia mvua, muzee. Hebu ona: Hilaire wawili, mumoja iko na brashi. Nani anashinda?"

Akaandika. Aliandika vizuri kuliko siku zote, kwa kuwa jina hilo mkono wake ulilijua tangu darasa la kwanza.

Kesho yake MUHINDO ilikuwa imekauka, ngumu kama ukucha. HILAIRE ilikuwa mbichi. Aligusa H, kidole kikarudi cheusi. Rangi moja, kopo moja, siku moja. Alijiambia ni unyevu wa ziwa, akasogeza msalaba juani, jua kali la saa sita ambalo Goma hulitoa kwa kubahatisha. Alipougeuzia mgongo, mwanamke akamwita.

"Hilaire."

Sauti haikuwa ya kutisha. Ilikuwa ya kuita mtu ugali usipoe. Alitoka hadi barabarani. Kulikuwa na pikipiki, vumbi jeusi, na mtu anayeuza sabuni. Wanawake hapana.

"Ungoje," akasema kwa mzaha akirudi ndani, "niko na kazi." Lakini aligundua kwamba amesema kwa sauti ya chini, na alikuwa anautazama msalaba.

Mama yake, Mama Wivine, mzaliwa wa upande wa Bukavu, alikuwa uani akichambua sambaza, vidagaa vya ziwani, alipofika kula. Aliposikia kilichoandikwa alitupa kiwiliwili cha samaki kwenye taka na kubakiza kichwa kwenye sahani.

"Umejiandika kwa musalaba."

"Nimeandika mutu mwingine. Mutoto wa Mama Kahindo. Unamujua?"

Alimjua. Walilala mikeka miwili inayogusana ndani ya hema lile, watoto wao wakaogeshwa katika beseni moja, maana beseni lilikuwa moja. Aliyewazalisha wote wawili alikuwa Ilario, yule munganga Muitalia, mwembamba, mashati yake yote yana jivu.

"Tulimuuliza jina lake maana yake nini," akasema Mama Wivine. "Akatuambia kwao ni Ilario, Wahispania banasema Hilario, Wafaransa Hilaire, na bote balilitoa kwa Kilatini cha zamani, kabla ya babu za babu. Ni mutu mwenye furaha. Tukacheka mpaka tukashika matumbo, maana ule mutu alikuwa na sura ya kumeza kwinini. Kahindo akasema mutoto anazaliwa nyuma ya moto, apewe jina la kuchekesha moto. Akalichukua. Na mimi nikalichukua. Hatukugombana, jina si sufuria."

"Hiyo yote ulikwisha kunihadisia."

"Iko ingine sikukuhadisia."

Akanawa mikono kwanza. Ilario, akasema, hakuwa Ilario wa kwanza wa mama yake. Wa kwanza alikufa na miaka mitatu. Mwingine alipozaliwa, mama akachukua jina lililobaki akamvika, na huko kwao halikuwa jambo la ajabu. Lakini Ilario aliwaambia wale wanawake wawili, usiku wao wa kwanza wa kunyonyesha, kwamba kila mama yake alipoita, alisikia wameitwa wawili. Basi alikuwa akikimbia kuitika upesi, ili yule mwingine asimtangulie.

"Kwetu mutoto akikufa tunamuachia jina lake, aende nalo," akasema Mama Wivine.

"Na wewe ukasikia hayo yote, ukanipatia vilevile?"

"Lilikuwa tamu. Na nilikuwa na usingizi." Hakucheka. "Ukisikia unaitwa na hauone mutu, usiitike. Uniangalie. Usiitike."

Ijumaa aliitwa mara mbili, mara zote mchana, mara zote kwa upole. Hakuitika. Jioni herufi zilikuwa zimekauka, isipokuwa ile E ya mwisho.

Jumamosi aliubeba msalaba mwenyewe. Makaburi ya Goma hayana udongo wa kuaminika. Chini ni mawe ya volkano, na wachimbaji walikuwa wamepiga mtaimbo tangu alfajiri wakapata shimo la kufika magotini. Mgomba ulikuwa umetoka Sake. Waliufunga katika blanketi, na juu ya blanketi shati la mistari la kijana, vifungo vyote vimefungwa, mikono ya shati imekunjwa kifuani. Ulikuwa na urefu wake. Hilaire alijikuta anapima kwa macho: ulikuwa na urefu wa yeye pia.

Élisée akaeleza kwa wote, maana kulikuwa na majirani wa makabila mengine. Mama ataita mara tatu. Kati ya wito na wito watu wanangoja, hakuna kukohoa, hakuna kubembeleza mtoto. Kimya ndicho jibu. Kimya kikijibu mara tatu, yule aliyepotea amekubali kwamba hayuko tena, anakuja kulala ndani ya mgomba, na ukoo unapumzika. Mtu yeyote asiitike.

Mama Kahindo akasimama kichwani pa shimo. "Hilaire."

Upepo ukapita kwenye mifuko ya plastiki. Hakumwita Muhindo, jina lililomngojea mlangoni; alimwita kwa lile alilochagua. Hilaire alihesabu vifungo vya shati. Alijua sauti ile. Siku mbili ilikuwa inamwita karakanani, ya ugali usipoe.

"Hilaire."

"Niko, mama."

Hakuna aliyeshtuka kuliko yeye. Maneno yalikwisha kutoka, kama kikohozi. Miaka ishirini na minne ya kuitwa na kuitika ilikuwa imekimbia mbele ya akili yake, kumtangulia mtu.

Watu waligeuka kumtazama. Mama Kahindo peke yake hakugeuka. Alikuwa anatazama juu, njia ya Kibati, na uso wake ulifunguka kama dirisha.

"Ameitika," akasema.

Élisée alisimama kitambo akizungusha kofia. Wazee wakanong'onezana. Hawakuzika. Mtu aliyeitwa akaitika hazikwi, hata mkijua mdomo ni wa nani. Mgomba ukalazwa kando ya shimo ukiwa na shati lake, msalaba ukaegeshwa kwenye mawe, na wote wakashuka mjini bila kusalimiana.

Jumatatu asubuhi Élisée alikuja karakanani. Safari hii aliingia ndani kabisa.

"Dada yangu amepika nyama jana. Ameweka sahani mbili. Ameambia kila mutu kwa soko kwamba mutoto aliitika. Kesho asubuhi anapanda, kwa miguu. Kibati, kisha mbele, mpaka Rumangabo kama inafaa. Wewe unajua ile njia sasa."

Hilaire aliijua. Wanaoipanda kwa miguu, peke yao, wakiulizauliza, nao huandikwa kwenye mbao.

"Nilikosea, papa. Mudomo tu."

"Siko nakugombeza. Ulifungua mulango, uende ukaufunge."

Muzee Balagizi aliweka randa chini. Alimnyang'anya brashi tu.

Alimkuta Mama Kahindo kwake, akipiga pasi suruali ya kiume. Kwenye kitanda kulikuwa na begi, chupa ya maji na viatu vya kijana vilivyopakwa rangi mpya. Meza ilikuwa na sahani mbili. Alimwonyesha ile yenye chakula.

"Kaa. Kula."

"Mama, mimi ndiye niliitika Jumamosi. Haikuwa yeye."

"Najua."

Hakutegemea hilo. Alikuwa amekuja na maneno mengi, yote ya kumshawishi, na sasa hayakuwa na kazi.

"Sasa juu ya nini unaenda?"

Alipitisha pasi mara nyingine kwenye mkunjo uliokwisha kunyooka. "Mwaka mumoja niliita. Kwa milango ya hospitali niliita. Kwa shimo za watu niliita, nimefunga pua. Hakuna mutu alisema niko. Wewe ulisema. Nilipeleka macho kwa njia ya Kibati, sababu kukuangalia wewe ingekuwa haya." Akaweka pasi chini. "Lakini naweza kubaki. Nisiende. Wewe uko unaitwa vile, ulizaliwa siku ile, maji ni ya beseni moja. Si kila siku. Siku ya Mungu tu, ya misa. Upite, niite, uitike, ule, urudi kwa mama yako. Mama ya Ilario alifanya vile. Aliita mumoja, akaitika mwingine, akakubali. Mimi nimekosa nini?"

Hilaire aliitazama sahani. Nyama ilikuwa imekatwa ndogondogo, kama ya mtu anayependa vipande vidogo, na yeye hakupenda vipande vidogo. Ilikuwa rahisi sana kuketi. Angesema mzaha mmoja, angekula, na mama huyu asingepanda Kibati. Jambo lililomtisha ni kwamba kiti kilikuwa tayari kimevutwa kwa kipimo cha miguu yake.

"Mama," akasema, "Ilario, wakati ule wote muko naye kwa hema, ulimuona akicheka?"

Mama Kahindo akaikunja suruali.

"Mama yangu anasema hata mara moja. Mutu anaitwa furaha kwa lugha tatu."

Pasi ilikuwa inapoa juu ya kitambaa. Nje mtu alikuwa anapima maharagi ya mtu kwenye kopo, yakamwagika, akaanza kuyaokota moja moja.

"Hata mara moja," akasema Mama Kahindo mwishowe. "Tulimufanyia michezo yote. Mama yako aliimba hata mwimbo ya mbuzi." Akakaa kitandani kando ya begi. "Alikuwa anaangalia mulango, ule mutu. Kila saa anaangalia mulango, kama iko mutu nyuma yake anataka kuingia."

"Sitakula, mama. Unisamehe."

"Usile," akasema. Akaichukua sahani, akaifunika kwa sahani nyingine, kisha akasukuma begi chini ya kitanda.

Wakarudi makaburini siku iliyofuata, saa nne asubuhi, watu wachache kuliko mwanzo. Mgomba ulikuwa umenyauka, shati limelegea kifuani, na sasa haukufanana urefu na mtu yeyote. Élisée alimwambia Hilaire angoje karakanani, lakini Mama Kahindo akakataa. "Asimame hapa. Akiwa mbali nitawaza ameitika sijasikia."

Akasimama. Aliuma kitambaa cha shingo, akakikunja ulimini mara mbili.

"Hilaire."

Mara ya kwanza ilikuwa nyepesi.

"Hilaire."

Ya pili jibu likampanda. Ulimi ukasukuma kitambaa, machozi yakamtoka. Na katika kimya kile alisikia, au mwili wake ulisikia, kwamba hayuko peke yake katika kutoitika. Kulikuwa na mwingine begani pake, mwenye ubaridi, wa urefu wake, anayengoja kuona kama atatanguliwa. Hakugeuza shingo.

Mama Kahindo alichukua muda kabla ya mara ya tatu. Alipoita, hakuita kwa sauti ya ugali. Aliita kama anayemwita mtu aliyekwisha kuvuka barabara, si ili arudi, ila ajue ameonekana.

"Hilaire."

Wakangoja. Wakangoja tena. Mzee mmoja akavua kofia. Begani pake Hilaire alihisi mahali penye ubaridi pakapata joto la kawaida la saa nne, basi, na Élisée akainama kushika blanketi upande wa miguu.

Waliufukia kwa mawe, maana udongo haukutosha. Msalaba ulipigiliwa, na Mama Kahindo akapitisha kidole kwenye herufi zote hadi E ya mwisho, kisha akakiangalia kidole: kilikuwa kikavu. Akamwendea Hilaire aliyekuwa bado hajatoa kitambaa mdomoni.

"Usipite kwangu," akasema. "Nikikuona nitaita, na wewe ni mutoto wa watu, utaitika."

Akatoa kitambaa. "Na kazi yangu iko barabara ile ile, mama. Nitapita wapi?"

Mama Kahindo akaelekeza mkono upande wa barabara. "Upite upande wa pili. Na ukifika mbele yangu, ucheke. Ucheke kwa nguvu. Wangu alikuwa anacheka na mukono kwa mudomo, hata haumusikie. Nikisikia kelele nitajua ni mwingine."

Jumatano Hilaire akapita. Pikipiki zilikuwa nyingi, vumbi limesimama hewani. Aliona kichwa cha Mama Kahindo upande wa pili, kimeinamia ungo, mkono unachambua maharagi. Alipofika sambamba naye alifungua mdomo, yeye Hilaire aliyewahi kuchekesha wajane, na kilichotoka kilikuwa kitu kikavu kama mlango wa stoo. Dereva wa pikipiki alimgeukia.

Mkono wa Mama Kahindo ukasimama ndani ya ungo.

Hakuinua kichwa. Hilaire aliuona ule mkono umetulia kabisa, unasikiliza. Akavuta pumzi pamoja na vumbi, akatafuta tumboni mwake kitu chochote cha kuchekesha, hakukipata, akacheka hivyo hivyo, kwa nguvu, meno yote nje, katikati ya barabara, mpaka watu wakampisha njia.

Mkono ukaanza tena kuchambua.